Tulivyompumzisha mchungaji bila kumtenga

Kanisa letu lilijua la kufanya mchungaji akizini au akigusa sadaka. Kuna vikao, kuna barua, kuna muda wa kusimamishwa huduma, na akitubu kuna siku ya kurejeshwa mbele ya washarika. Mchungaji akivunjika moyo hadi asiweze kuamka, hapakuwa na ukurasa hata mmoja. Nililiona pengo hilo nikiwa katibu wa baraza la wazee, pale baba mchungaji wetu aliposhuka madhabahuni katikati ya mahubiri, akatoka, na asirudi.

Dalili zilikuwapo tangu mapema. Mtu aliyependa utani alianza kujibu watu kwa mkato. Alipowataja washarika alisema "hawa watu". Usingizi ulimpotea, na mahubiri yakawa yale yale yaliyobadilishiwa andiko. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazi kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi yenyewe, na kujiona hufanyi lolote la maana. Shirika hilo haliuiti ugonjwa, linauita hali inayotokana na kazi. Baba mchungaji alikuwa nayo yote matatu, ila daktari aliona na jingine: hata mambo yasiyohusu kanisa, hata watoto wake, hayakumfurahisha tena. Akasema ni sonona. Tofauti hiyo ilitusaidia sana baadaye, kwa sababu sonona inataka tiba, na uchovu wa kazi unataka kazi yenyewe ibadilishwe. Kwake tulihitaji yote mawili.

Kikao cha kwanza kilikuwa kigumu. Mzee mmoja alishikilia kwamba hilo ni pepo la kukata tamaa, tufunge na kukesha. Mwingine alitaka tuchunguze dhambi iliyofichwa. Nikawakumbusha habari za Eliya katika 1 Wafalme 19: aliomba afe, naye Mungu hakuanza kwa kumkemea, alimwacha alale, akamtuma malaika na chakula, akalala tena. Hakuna aliyeguswa. Kila mmoja pale alishaihubiri sura hiyo, na andiko ulilolihubiri mara nyingi halikushtui.

Aliyemgusa mzee wa pepo ni Charles Spurgeon, mhubiri maarufu wa Uingereza wa karne ya 19, kwa kuwa mzee huyo alimheshimu kupita kiasi. Nilimweleza kilichotokea London tarehe 19 Oktoba 1856. Spurgeon alikuwa na miaka 22, akihubiri kwenye ukumbi wa Surrey Gardens uliofurika watu, mtu akapiga kelele kuwa kuna moto. Moto haukuwapo, lakini watu saba walikufa katika msukumano. Huzuni ya siku ile ilimwangusha kabisa, na huzuni nzito ziliendelea kumrudia maisha yake yote, wala hakuwaficha wanafunzi wake wa uchungaji. Yule mzee alikaa kimya, kisha akauliza, "Naye walimwambia ana pepo?" Kuanzia hapo tukaweza kuzungumza.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuingia kwenye ugonjwa moja kwa moja. Familia moja ilifiwa, ikampigia mchungaji, naye akasema yuko safarini. Hakuwa safarini, alikuwa nyumbani amejifungia chumbani. Wazee wengine walitaka kulitumia hilo kufungua mashtaka ya nidhamu, na wengine walitaka lifutwe kwa sababu anaumwa. Mimi nilipendekeza tutenganishe: kwa kuugua hana deni kwa mtu, kwa uongo anadaiwa radhi na wafiwa, lakini si leo. Aliwaomba radhi alipopata nguvu, nyumbani kwao, bila tangazo kanisani. Bado naamini kwamba kosa la mtu mmoja kwa familia moja halina haja ya kipaza sauti.

Tangazo kwa washarika ndilo tuliloliandika na kulifuta mara nyingi kuliko yote. Wapo waliotaka tuseme amekwenda masomoni. Nikakataa, maana siku akirudi angelazimika kuuendeleza uongo wetu. Tukasema: baba mchungaji anaumwa, yuko chini ya daktari, baraza limempa mapumziko, posho na nyumba vinaendelea, na hajasimamishwa huduma. Sentensi hiyo ya mwisho nilipigania ibaki. Bila hiyo, kufikia jioni angekuwa ameshaanguka na mwimbaji wa kwaya katika masimulizi ya watu.

Wageni walikuwa mtihani mwingine. Walifika na mafuta ya upako, walifika na maono, na dada mmoja alimwambia mama mchungaji kwamba mumewe yuko hivyo kwa sababu yeye haombi. Tukamweka mzee mmoja wa kupokea salamu zote, na simu ya mchungaji ikakaa kwake.

Mshauri nasaha tulimtafuta nje ya dhehebu letu. Mtu hawezi kufungua moyo mbele ya anayeamua ajira yake, na sisi wazee ndio tulioamua. Kanisa lililipa gharama, likapokea ankara tu. Mzee mmoja alidai ripoti, akisema sadaka ya watu haitolewi gizani. Tulimjibu kwamba tungelipia upasuaji wa tumbo bila kuomba kuonyeshwa utumbo.

Alipoanza kupata nafuu, tuliketi naye tukaandika kila anachofanya katika juma. Orodha ilitutia aibu. Mahubiri yalikuwa sehemu ndogo. Kulikuwa na misiba, hospitali, ugomvi wa wanandoa usiku, mikutano ya kila idara, na hata ufunguo wa stoo. Ni yale yale Yethro aliyomwonya Musa katika Kutoka 18, kwamba atajichosha yeye na watu pia. Tukagawana: hospitali kwa mashemasi, misiba kwa wazee kwa zamu, Jumatatu hapigiwi simu isipokuwa mtu amefariki.

Sikutarajia kwamba upinzani mkubwa ungetoka kwake. "Mzee katibu, nisipokwenda mimi, watasema mchungaji wao ni wa nini?" Nikamjibu, "Baba, wakisema hivyo waje kwangu." Walikuja, tena wengi, na familia kadhaa zikahamia kanisa lingine lenye mchungaji anayepokea simu usiku. Yeye usuluhishi wa ndoa hakuuachia kwa moyo mkunjufu, na mpaka sasa huwa namkuta ameurudia kimyakimya.

Alirejea kwanza kama mshiriki wa kawaida, akikaa viti vya nyuma. Kisha akaanza kuhubiri kwa kupokezana na wengine. Kwa mshauri bado anakwenda, na dawa daktari alimpunguzia taratibu baadaye, hakuziacha mwenyewe siku aliyojisikia vizuri, ingawa wapo waliomtaka atoe ushuhuda wa kuzitupa.

Sasa kanuni zetu zina kipengele cha mapumziko ya ugonjwa wa mtumishi, kilicho mbali na kile cha nidhamu. Kilichobishaniwa zaidi ni muda wa kuendelea kumlipa, tukakubaliana kufuata maoni ya daktari. Suala la mama mchungaji, ambaye hana mshahara wala likizo ya kupewa, baraza halijafikia uamuzi. Nimeliweka la kwanza kwenye ajenda ya kikao kijacho, kwa sababu mambo kama haya yakiwekwa mwishoni watu huanza kutazama saa.