Kumbukumbu ya mradi wangu: kufukua mechi tatu zilizotutoa

Siku ya 4 tangu tutolewe

Video bado sijafungua. Kwa asiyejua, mi ndo naandikaga takwimu za timu yetu ya kikapu, sichezi, nakaa mwisho wa benchi na daftari langu. Tumetolewa nusu fainali ya mchujo, wenzetu mechi mbili sisi moja, na ile ya tatu tumeipoteza kwa pointi 4 tu. Tangu siku hiyo kwenye grupu la timu ni "tulipambana", "vichwa juu", "mwakani wetu". Sawa, ila msimu uliopita tulisema hayohayo, tena baada ya kupigwa vibaya kuliko hivi, kwa hiyo yameshaanza kunichosha. Nimejipa kazi: narudia mechi zote tatu mwanzo mwisho, na kila zuri nitakaloandika lazima liwe na dakika yake kwenye video. Kama siwezi kukuonyesha dakika basi halihesabiki.

Siku ya 6

Aisee hii kazi ni ndefu. Nusu ya kwanza ya mechi ya kwanza imenila saa tatu, narudisha nyuma, nasimamisha, naandika, narudisha tena maana kuna mtu kasimama mbele ya kamera. Nafuata vile vitu vinne vya Dean Oliver, yule jamaa wa takwimu za kikapu: ulengaji, tenova (kupoteza mpira kabla ya kupiga), rebaundi za ofensi (kuudaka tena mpira wenu mliokosa) na fri-throo (mashuti ya bure baada ya faulo), na yeye aliupa ulengaji uzito mkubwa kuliko vyote, kama asilimia 40 hivi. Ulengaji wenyewe hauhesabu vikapu tu, unachukua vikapu vyote vya uwanjani unaongeza nusu ya vile vya pointi tatu, ndo unagawa kwa idadi ya mashuti, kwa sababu aliyefunga 4 kati ya 10 zote za mbali kavuna pointi sawa na aliyefunga 6 kati ya 10 za karibu. Nilikuwa naijua hii kwa kichwa ila ukiijaza mwenyewe kwa peni ndo unaona nani kwenye timu yako anadanganya macho.

Siku ya 9

Nimeharibu. Kwenye rebaundi za ofensi nilikuwa nahesabu na zile fri-throo ya kwanza ikikosa halafu refa anarudisha mpira kwa mpigaji apige ya pili. Hakuna rebaundi pale, mpira umekufa! Nimegundua baada ya kuona senta wetu, yule mrefu wa chini ya kikapu, ana rebaundi nyingi kuliko mikono yake inavyoweza. Narudia ukurasa wote wa mechi ya kwanza, ya pili itabidi isubiri kidogo.

Na nimefuta zuri langu la kwanza. Niliandika "difensi mechi ya pili, robo ya pili, walikaa karibu dakika nne bila kikapu", nikajisikia vizuri kabisa. Nimerudi kuangalia, jamaa walikuwa wanapiga wako wazi, hakuna mtu hata wa kuwanyooshea mkono, ni vile tu siku hiyo hazikuingia. Hiyo ni bahati, na nikiiacha humo kocha ataamini ile zoni, kukaba eneo badala ya mtu, inafanya kazi.

Siku ya 13

Leo ndo nimepata kitu.

Mechi ya tatu, robo ya tatu, pointi gadi wetu, yule anayepanga mashambulizi, kala faulo ya nne, bado moja tu atoke, kocha kamkalisha akaingia dogo. Muulize yeyote kwenye timu tulipotezea wapi, atakwambia pale. Mi mwenyewe kwenye daftari la siku ile nimeandika HAPA kwa herufi kubwa nikapiga mistari miwili chini.

Video inasema vingine. Dogo kaingia tuko nyuma pointi 3, katoka dakika sita baadaye tuko nyuma pointi 2. Nimeangalia ubao wa matokeo mara tatu nikidhani nimekosea saa. Ni kweli mpira wake wa kwanza kanyang'anywa katikati ya uwanja wakaenda kufunga kiulaini, na nadhani wote tulibaki na picha hiyo tu kichwani, zilizofuata hatukuziona. Baada ya pale kaacha kulazimisha dribo. Kila akibanwa anampa senta juu kwenye mstari wa fri-throo, halafu hasimami kushangaa kama tulivyozoea, anakata mbio nyuma ya beki wake na senta anamrudishia. Mara tatu. Mbili kafunga mwenyewe, ya tatu beki wa pembeni kaja kumzuia akaitoa pembeni kwa mtu aliye peke yake. Hiyo muvu haipo kwenye karatasi yoyote ya kocha, wamejitungia humohumo.

Sasa tulipotezea wapi? Robo ya nne, fri-throo, tumekosa 7 kati ya 12. Inauma, ila ni ubaya ninaoupenda kuliko mwingine wote, maana pale hakuna anayekukaba wala aliyekuzidi urefu.

Nikawakumbuka San Antonio Spurs fainali ya NBA ya 2013, mechi ya sita dhidi ya Miami. Sekunde 28 zimebaki Ginobili wao akakosa fri-throo moja kati ya mbili, wakawa mbele kwa 5, halafu LeBron James wa Miami akafunga ya pointi tatu, Kawhi Leonard wa Spurs naye akakosa fri-throo moja kati ya mbili, LeBron akapiga tena akakosa, mwenzake Chris Bosh akachukua rebaundi akamtolea Ray Allen kwenye kona, pointi tatu, sare, wakaenda kupoteza kwenye muda wa nyongeza na mechi ya saba nayo ikaondoka. Mwaka uliofuata karibu kikosi kilekile kikashinda mechi 62 za msimu na kuwapiga Miami haohao 4 kwa 1 fainali. Naipenda hii stori, ila naiogopa pia. Tunaisimulia kwa sababu walirudi, wale waliotolewa wakapotelea mazima nani anawasimulia? Na sisi hatuna Tim Duncan, ile nguzo ya Spurs.

Siku ya 16

Nimemwomba kocha dakika kumi. Kaja na uso wa "haya, nionyeshe tulivyopambana". Sikusema kitu, nikamwekea zile dakika sita. Kaziangalia kimya, karudisha ile muvu ya senta mara nne, halafu kauliza, "Hii nani kawafundisha?"

"Hakuna mtu, kocha."

Kanyamaza tena. Mwisho kasema nimtumie dogo.

Nimemtumia jioni. Nilitegemea atafurahi, amejibu baada ya saa nzima: "Bro mbona umeanzia pale nilipopokonywa?" Kumbe na yeye siku zote hizi alikuwa anaangalia mpira uleule mmoja. Nimemwambia sikati hata sekunde, asogeze mbele mpaka senta anyooshe mkono kuomba mpira. Hajajibu bado. Mi narudi kwenye rebaundi za mechi ya pili, nimebakiza nusu nzima.