Boxer 150 iliyotumika: anza nyuma, injini baadaye

Anayejifunza pikipiki hapa Mtwara akitaka ya kwake, mara nyingi anaishia kwenye Boxer 150. Si chaguo baya. Injini ni cc 144.8, nguvu za farasi kama 12, inavuta tangu mwendo mdogo bila kupigwa gia kila dakika, na spea zake hazisumbui kupatikana. Ya cc 100 ni nyepesi kwa mikono migeni, ila ipandishe Newala na abiria uone clachi inavyonuka.

Usihangaike sana na mwaka wa mashine, uliza ilikuwa inafanya kazi gani. Nyingi zinazouzwa huku zimeshabeba korosho, na gunia moja tu ni kama kilo 80. Basi iweke kwa stendi ya kati, shika tairi la nyuma, litikise kushoto na kulia. Likicheza tairi peke yake, beringi za gurudumu zimekwisha. Hizo ni kazi ndogo. Likicheza pamoja na suingi amu nzima, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, bushi zimelika, na hapo kagua chesesi pale shokapu zinapofungwa. Ukikuta rangi mpya sehemu hiyo tu, jua imechomelewa. Achana nayo.

Kisha vuta cheni kwa kidole nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikinyanyuka hadi nusu ya jino ionekane, bei ipunguzwe kwa seti nzima, maana cheni mpya kwenye meno ya zamani haidumu.

Injini ikague ya baridi. Fika asubuhi, gusa silinda kwanza. Ukiikuta ya moto, muuzaji ameiwasha mapema kuficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu unaotoka wakati wa kuwasha kisha ukakata ni sili za valvu. Ukizidi kila unapovuta mafuta, hizo ni ringi za pistoni. Barabarani weka gia ya tatu kwa mwendo mdogo, fungua mafuta ghafla: mlio ukipanda na mwendo ukabaki palepale, sahani za clachi zinateleza.

Iliyolala Shangani au Mikindani, karibu na bahari, ina adui mwingine, chumvi. Mulika tochi ndani ya tanki. Kutu ya humo inashuka kabureta, pikipiki inamisi, na mafundi watakubadilishia plagi tatu kabla ya mmoja kukumbuka tanki. Fok, yale mabomba ya shokapu za mbele, zenye mafuta yaliyoshikana na mchanga zinadai sili mpya.

Breki za drum ndizo kasoro yake ya kweli kwa mgeni. Kanyaga ya nyuma uangalie mshale kwenye mkono wa breki pale gurudumuni: ukivuka alama, viatu vimekwisha, hata kama nati ya kurekebishia bado ina nafasi.

Mwisho kadi. Namba ya chesesi iliyogongwa kwenye shingo ya usukani isomeke vizuri, bila dalili ya tupa, na ifanane na ya kwenye kadi. Ya injini vilevile. Kadi ikiwa na jina la mtu mwingine, huyo aje mwenyewe kusaini mkataba, la sivyo TRA hutabadilisha umiliki. Hadi atokee, hela ikae mfukoni.