Nellie, yule mama wa magoti

Jana nimefika Cedar City, Utah, huku Marekani, nkaenda pale chuo cha Southern Utah kuona sanamu ya Nellie Unthank, jamani nimelia mbele za watu.

Huyu alizaliwa Uingereza 1846, wazazi wake walikuwa wamebatizwa Wamormoni (dhehebu lenye makao yake Utah), basi 1856 wakapanda meli pale Liverpool waje Sayuni yao, yaani nchi yao takatifu, huku Utah. Treni iliwafikisha Iowa tu, kuanzia hapo ni kwa miguu wakivuta mikokoteni, maana hela ya magari ya kukokotwa na ng'ombe haikuwepo, na walichelewa kuondoka kwa hiyo theluji ikawakuta Wyoming. Baba akafa, mama akafa siku chache tu baadae, Nellie na dada yake wakabaki peke yao miguu imeganda kwa barafu. Kufika Utah wakamkata Nellie miguu yote miwili chini ya magoti kwa kisu cha nyama na msumeno wa fundi, bila ganzi, mtoto wa miaka 10!!

Akaolewa, akazaa watoto sita, maisha yake yote anatembea kwa magoti na vidonda havikupona mpaka anakufa 1915. Sakafu ya nyumba ilikuwa udongo, yeye anailowesha anaikwangua mpaka inakuwa laini. Na kila mwaka anachukua ndoo na watoto wake anaenda kusugua kanisa, kuwalipa waumini waliomsaidia.

Mimi nimetoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, mama yangu alinibeba mgongoni kuvuka mpaka. Nimempigia simu palepale.