Tumegawa nafasi za igizo letu!

Leo tumemaliza kugawa nafasi za igizo la nyimbo na vichekesho la wanafunzi wetu, na nina furaha kweli. Kuimba vizuri peke yake hakukutosha. Niliwasomesha mazungumzo wawili wawili, kisha nikamtazama yule aliyenyamaza: anamsikiliza mwenzake, au anangoja zamu yake tu? Kichekesho huzaliwa hapo. Wavulana wa umri wa kubalehe sauti zinawabadilika, kwa hiyo nyimbo nyingine tutazishusha. Sitamnyima mtoto nafasi kwa sababu ya koo linalokua. Binti mmoja mkimya sana alitamka sentensi moja, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ndiye atakayeigiza mfalme wetu! Wengine wote wamo kwenye kwaya, na kila mmoja ana mstari wake wa kusema. Mazoezi yanaanza Jumatatu.