Namba ya Babu

Bibi alikua anaweka karatasi za babu kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kijijini kwetu upande wa Ilembula, na mwaka juzi tulipoenda kumsaidia kuhamia nyumba mpya (ile ya zamani ukuta wa nyuma ulishaanza kuachia) tukalivuta lile sanduku na likatoka na udongo. Mchwa. Walipanda kutoka kwenye sakafu wakapitia pale kona palipooza kwa kutu wakala walichotaka. Risiti za kodi ya kichwa zimebaki matundu kama jani la mchicha lililoliwa na viwavi, picha ya harusi ya shangazi imebaki miguu na pindo la gauni, na kile kipande cha babu, kikadi alichokua anakitoa kila Krismasi kutuonyesha wajukuu, kimebaki nusu ya chini, vile vyumba vya kuhesabia siku za kazi. Nusu ya juu yenye namba yake haipo kabisa.

Kwa asiyejua, babu alikua manamba. Miaka ya hamsini vijana wengi wa Kibena na Kikinga walienda kwenye mashamba ya mkonge, Tanga huko na Morogoro, wanaandikishwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa 1944 kwa kazi ya kutafuta vibarua, wanapakiwa kwenye lori wanaenda. Kila mtu anapewa namba, ndio maana wakaitwa manamba. Unafanya kazi ya siku 30 zinajazwa kwenye kipande ndio unalipwa, ukiugua siku haihesabiwi. Babu alikua akisema kule shambani jina lake aliliweka akiba mpaka aliporudi nyumbani.

Basi Bibi hakulia. Alikaa kwenye kigoda akakishika kile kipande akakigeuza nyuma na mbele, akasema, sasa nani ataamini kwamba alienda?

Hilo swali lilinikaa. Nikajiambia lazima kuna mahali pengine palipoandikwa, serikali ya Waingereza ile ilikua inaandika mpaka bei ya kuku, haiwezekani maelfu ya wanaume watoke Njombe bila karatasi. Kwa hiyo nilipopata likizo nikapanda basi toka Iringa kwenda Dar, nikaenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga, na barua yangu ya utambulisho mkononi, na moyo unadunda kama naenda kuonana na babu mwenyewe.

Sasa hapa nataka nieleze vizuri maana watu wengi wanadhani kule ni kama maktaba, unaenda unaandika jina la ukoo kwenye kompyuta linakuja. Haiko hivyo. Mafaili yamepangwa kwa ofisi iliyoyaandika, yaani swali la kujiuliza kabla hujaondoka nyumbani ni ofisi gani ilikua na sababu ya kumwandika babu yako. Mkuu wa wilaya? Idara ya kazi? Mahakama? Misheni? Na ofisi zenyewe zimebadilika majina. Njombe sa hivi ni mkoa, tangu 2012, kabla ya hapo ilikua ndani ya mkoa wa Iringa, na wakati wa babu anapanda lori ilikua wilaya ndani ya jimbo lile kubwa la Nyanda za Juu Kusini. Mtu wa Mbozi naye hivyohivyo, leo yupo Songwe, mpaka 2016 alikua Mbeya. Usipojua hiyo historia ya mipaka utakaa pale siku nzima unaomba faili ambalo halijawahi kuwepo kwa jina hilo.

Mezani unaingia na penseli, kalamu ya wino hapana. Unajaza fomu unasubiri, linaletwa boksi, ndani ya boksi kuna mafaili, na kila faili limefungwa na kamba kwenye tundu la kona. Karatasi nyingi ni zile nakala za kaboni, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, ukizishika lazima utumie viganja viwili. Pini zimeshika kutu na zimeacha alama ya rangi ya chai. Pembeni maafisa wanajibizana kwa wino, mmoja anauliza, mwingine anajibu chini yake, wa tatu anasaini tu. Nilivyokua nafungua nilikua nanusa pia, samahani, siwezi kueleza, ni harufu ya stoo ya bibi bila moshi.

Babu sikumkuta. Niseme ukweli nilitafuta siku tatu. Nilichokuta ni barua ya afisa mmoja akilalamika kwamba wanaume wanatoka wengi mno kwenda kwenye mkonge, kwamba vijijini wamebaki wazee na wanawake wanalima peke yao, na chini yake hesabu ya walioondoka, jumla tu, tarakimu. Babu yangu yupo ndani ya ile tarakimu. Nilikaa naiangalia muda mrefu mpaka yule dada wa mezani akaja akaniuliza kama nahitaji msaada.

Na hapo ndio nilielewa kitu ambacho nakishikilia mpaka leo, kwamba nyaraka zinatunza kile ambacho ofisi ilitaka kujua. Ofisi ilitaka kujua vibarua wangapi, ikaandika wangapi. Haikutaka kujua nani. Hao wa idara wanafanya kazi yao, wanatunza kilichoandikwa, joto na unyevu wanaangalia, maboksi safi, mafaili ya Wajerumani waliyonayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, sio kitu kidogo. Lakini hawawezi kututunzia ambacho hakikupelekwa.

Nakupa mfano mwingine, na huu unaniuma zaidi ya mchwa. Miaka kadhaa nyuma nilinunua karanga stendi, zile za kwenye koni ya karatasi, nikala nikamaliza nikafungua ile karatasi kuikunja. Imepigwa mhuri wa zambarau. Ni ukurasa wa orodha ya wakuu wa kaya, mwaka 1974, ule wakati wa Operesheni Vijiji, jina la mtu, watoto wangapi, ekari ngapi, katokea kitongoji gani kahamishiwa wapi. Majina kamili, mstari kwa mstari, na mafuta ya karanga yamepita katikati. Nikamrudia yule mama nikamuuliza karatasi hizi umetoa wapi mama, akasema kuna ofisi moja walikua wanahamia jengo jipya wakatoa mafaili ya zamani nje, watu wakajichukulia, wengine wamewashia majiko. Nikanunua koni zote zilizobaki. Zilikua kumi na moja, saba zilikua za daftari la mtoto wa shule na nne ndio zile.

Ofisi siitaji na sina haja ya kumtafuta aliyetoa. Ila sheria ipo, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa namba 3 ya mwaka 2002, na inasema wazi kumbukumbu za umma haziharibiwi bila ruhusa. Utaratibu ni kwamba faili likishapoa masijala linaenda kituo cha kumbukumbu, linapitiwa, mengi kweli yanateketezwa kihalali maana huwezi kutunza kila ombi la likizo, na machache yanabaki milele, yakifika miaka 30 mwananchi anaweza kuomba kuyasoma. Orodha ile ya 1974 ingekua imefunguliwa zamani. Mtoto wa Isimani au Wanging'ombe angeenda akasoma babu yake alikua na ekari ngapi kabla ya kuhamishwa. Kule Upanga babu yangu ni tarakimu, na huku nyumbani ambako majina yaliandikwa yote, yamefungia karanga.

Wengine huwa wananiambia achana na makaratasi, sisi historia yetu ni ya mdomo. Naiheshimu sana ya mdomo, nimelelewa nayo. Lakini mtu wa Iringa akiniambia karatasi haina nguvu namuuliza fuvu la Mkwawa lilirudije. Mtwa, yaani chifu huyo wa Wahehe, alijiua 1898 pale Mlambalasi, kichwa kikachukuliwa, na kwenye mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, mkataba wa kumaliza vita ya dunia nzima, kuna kifungu cha 246 kinaitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Haikurudisha. Lakini mstari ulishaandikwa na ukatunzwa, na miaka 35 baadae gavana Twining akalifuata kwenye jumba la makumbusho kule Bremen, likarudi Kalenga mwezi wa sita 1954. Ukienda Kalenga leo, mwendo mfupi tu toka mjini, unaliona. Wazee walikua wanalililia kwa mdomo miaka yote hiyo na kilio chao kilikua na haki, ila bila kile kifungu sijui wangemshikia nani shati.

Na mambo yetu yametapakaa jamani. Wamisionari wa Berlin na Wamoravian walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa 1891, wakapanda huku juu, walikua wanaandika shajara na taarifa kila mwaka, hizo ziko Berlin na Herrnhut, Ujerumani. Wale mume na mke wanaanthropolojia, Godfrey na Monica Wilson, waliokaa Rungwe na Wanyakyusa miaka ya thelathini, madaftari yao yako Chuo Kikuu cha Cape Town. Hugh Tracey alipita 1950 akarekodi Wahehe wanapiga ligombo, ile ala yao ya nyuzi, santuri ziko Afrika Kusini pia. Maafisa wa kikoloni walipostaafu wengi waliacha karatasi zao binafsi Oxford. Sisemi waliiba, vingine kama visingebebwa vingeliwa na mchwa kama vya babu. Nasema mjukuu wa mpiga ligombo anayeishi Kihesa anatakiwa asikie mkono wa babu yake bila kuomba viza. Siku hizi inawezekana, kitu kikishaskaniwa nakala inakaa popote, asili ibaki huko ilikotunzwa na sisi tupate nakala nzuri yenye maelezo ya Kiswahili, hilo ndio ombi langu na ningependa vyuo vyetu vya Iringa na Mbeya viliombe kwa sauti.

Kilichonipa moyo ni Boma la Iringa. Lile jengo la Wajerumani tulikua tunalipita tu tukijua ni ofisi, tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa, na nilivyoenda na baba mdogo alisimama mbele ya vifaa vya jikoni na vya shambani akaanza kueleza wageni wengine hiki kinaitwaje Kihehe, kile Kibena, mpaka wakamzunguka. Ndipo nikaona watu wetu wanayo ya kusema wakionyeshwa kitu.

Kwa hiyo ile barua ya afisa niliichukulia fotokopi, nikaenda nayo kijijini. Ilikua mwezi wa saba, baridi ile ya Njombe ya kukata masikio, tumekaa jikoni na Bibi, shangazi anachoma mahindi. Kamwene, kamwene, tukamaliza salamu zote, nikamsomea kwa Kiswahili taratibu. Nilipofika pale kwamba wanawake wamebaki wanalima peke yao, Bibi akanikatiza.

"Peke yao na nani?"

Nikarudia. Akaweka kikombe chini. Akasema yule bwana hakuuliza. Akasema hawakulima peke yao, walilima kwa migowe, leo shamba la huyu kesho la yule, mwenye shamba anapika ugali na kimea, na waliokua wajawazito walilimiwa kwanza, na yeye shamba lake la bondeni lililimwa na wanawake kumi na wawili kwa siku moja wakati baba yangu ana wiki tatu mgongoni. Akaanza kuwataja. Shangazi akaacha mahindi. Nikachomoa simu nikabonyeza kurekodi, na penseli nyingine mkononi, wa kwanza, wa pili, wa tatu, anataja jina na la baba yake na alikoolewa, alipofika wa tisa akanyamaza, akafumba macho, wa tisa hakumkumbuka, akaruka akaenda wa kumi. Yule wa tisa alimkumbuka usiku, akaja kunigongea.

Nilivyomaliza kuandika nikamsomea yote, na tarehe, na mahali. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Andika na mimi niliyesema," akasema. "Majina yote, na la ubatizo."