Soma kwanza pa bunga

Juzi redio ilimtaja tena Edgar Lungu, yule rais wa zamani wa Zambia aliyefia Afrika Kusini Juni 2025, familia yake ikavutana na serikali ya Lusaka juu ya mazishi. Binti yangu akauliza: "Papa, ule alikuwa nani wetu?" Nikacheka peke yangu, nikakumbuka Agosti 2021.

Nilikuwa nimepita Posta, hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, pale magazeti yanapotandazwa chini na watu wanasoma wamesimama bila kununua. Mzee mmoja, barakoa imeshuka kidevuni, alikuwa anasoma kwa sauti gazeti la hapa mjini, Kifaransa chake akikigeuza Kiswahili papo hapo, kidole kikifuata mstari. Kichwa cha habari kiliuliza kama mpaka wa Kasumbalesa, tunapovukia kwenda Zambia, utakuwa mwepesi chini ya rais mpya, Hakainde Hichilema. Alipofika kwenye kura, milioni 2.8 kwa 1.8, mama mmoja muuza unga akamkatiza.

"Papa, soma kwanza pa bunga."

Watu wakacheka, lakini mzee aliruka aya mbili akaitafuta bunga. Ilikuwepo, na nafasi nzuri imepewa: mahindi yetu mengi yanatoka kule, Lusaka ikifunga, bukari, ugali wetu, inapanda bei. Mama akaridhika, akaenda zake. Mzee akarudi juu: Lungu ametokea kwenye televisheni, amekubali kushindwa, amempongeza mwenzake.

"Rudilia," akasema kijana mmoja wa teksi.

Akarudia.

"Ye mwenyewe alikubali?"

"Ye mwenyewe."

"Na baaskari?"

Mzee akapitisha kidole mpaka chini ya safu, taratibu, kama anayetafuta jina lake kwenye orodha ya mshahara. "Hapa habakuandika kitu juu ya baaskari."

Basi, Zambia ikaishia hapo. Wakahamia kwenye kura yetu ya Desemba 2018 na intaneti iliyozimwa karibu wiki tatu, kila mtu na yake, sauti zikapanda mpaka mwenye magazeti akaanza kuyakunja.

Mimi nilinunua nakala. Yale yaliyowasumbua Wazambia wenyewe yalikuwa yamebanwa kwenye aya ya mwisho: vijana wasio na kazi, na deni, maana Novemba 2020 nchi ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Kwamba Hichilema alikuwa ameshindwa mara 5 kabla ya kushinda, mstari mmoja tu. Nilikasirika siku ile. Sasa sijui. Mwandishi aliwajua watu wake: nusu walitaka bukari, nusu walitaka kusikia habari za Kinshasa bila Kinshasa kutajwa.

Sisi tulipopiga kura tena Desemba 2023, sikupata gazeti la Lusaka. Ningependa kujua ukurasa wa kwanza waliuliza nini juu yetu. Nashuku ni kama malori ya shaba yatapita.