Pesa Hailali Ndani: Mwaka Wangu wa Sabuni Mutare

Nilifika Mutare, mashariki mwa Zimbabwe, mwezi Januari 2008, nikiwa na begi moja na dola 300 za Marekani ambazo mama alizishonea ndani ya pindo la suruali yangu kabla sijaondoka Moshi. Nilikuwa nimekwenda kusoma. Ada ililipwa na wafadhili, posho yangu ndogo iliingia benki kwa dola za Zimbabwe, na kwa kuwa mabweni yalikuwa yamejaa nilipanga chumba mtaa wa Sakubva kwa mama mmoja mjane ambaye majirani wote walimwita Amai, nami nikamwita hivyo hivyo.

Kufikia katikati ya mwaka posho ile ilikuwa imebaki jina. Mtu aliruhusiwa kuchukua benki kiasi maalumu tu kwa siku, na kiasi hicho kilizikimbiza bei bila kuzifikia: mwezi Julai kilikuwa dola bilioni 100, na bilioni 100 hazikununua mkate mmoja. Nilidamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga foleni, nikatoka mchana na noti zilizochapwa tarehe ya mwisho wa matumizi, kama chupa ya dawa. Takwimu za serikali zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba mfumuko wa bei wa mwaka ulikuwa umefikia asilimia milioni 231 mwezi huo. Mimi sikuihitaji tarakimu hiyo, kwa sababu nauli niliyolipa asubuhi kwenda chuoni haikutosha kunirudisha nyumbani jioni.

Kosa langu kubwa nilikuwa nimelifanya mwezi Mei, siku ya Ijumaa. Nilichoka kuviziana na wabadilisha fedha wa mitaani, ambao biashara yao ilikuwa kinyume cha sheria lakini ndiyo pekee iliyofuata thamani halisi, kwa hiyo nikabadilisha dola 50 kwa mkupuo na kurudi na mfuko wa plastiki uliojaa mabunda. Niliona nimefanya jambo la busara. Jumamosi na Jumapili sikupata cha kununua, maana rafu za maduka zilikuwa tupu tangu serikali ilipoamuru bei zishushwe katikati ya 2007 na wenye maduka wakaacha kuagiza bidhaa za kuuza kwa hasara. Na nilipompata muuzaji siku ya Jumatano, mfuko ule mzima ulininunulia chupa moja ya mafuta ya kupikia na pakiti mbili za mishumaa.

Usiku huo nilimpigia mama simu. Mama anauza mchele na maharage katika soko la Mbuyuni, na baada ya kuitikia shikamoo yangu na kusikiliza mkasa wenyewe alicheka, jambo ambalo lilinikera. "Mwanangu, pesa ya namna hiyo hailali ndani," alisema. "Ikilala, inaamka imezeeka." Ndipo akanieleza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwamba mwaka 1982, mpaka wa Kenya ukiwa umefungwa na Moshi nzima haina sabuni, alikuwa akitoka Himo usiku na wenzake wakipita njia za mashambani hadi Taveta, na kwamba mwaka uliofuata, serikali ilipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, yaani waliodaiwa kuficha au kulangua bidhaa, bibi yangu alifukia miche minane ya sabuni chini ya mgomba. Nililelewa na wanawake hawa wawili nikidhani hawajawahi hata kuvuka barabara bila kutazama kulia na kushoto. Ushauri wake ulikuwa mfupi: nitafute kitu kidogo kisichooza, ambacho kila nyumba inakimaliza na kukihitaji tena.

Mutare, kama Moshi ya wakati ule, kitu hicho kilikuwa sabuni. Machipanda, upande wa Msumbiji, ni safari fupi kutoka Mutare, na wanawake wengi wa Sakubva walikuwa wakivuka kwenda kununua. Mimi sikuthubutu kuvuka kwa kuchelea kukichezea kibali changu cha ukaazi, hivyo kila Jumanne nilimkabidhi Amai dola 5, mara chache 10, naye akarudi jioni na miche ya sabuni, chumvi, mafuta na unga, mzigo mmoja kichwani na mwingine mgongoni. Tuligawana nusu kwa nusu baada ya kutoa nauli yake. Mche niliukata vipande vinne kwa uzi wa kushonea, kwa sababu kisu kiliumegua pembeni na watu walikikataa kipande kilichomeguka. Kipande kimoja kilitosha kunyolewa nywele. Viwili nilimpa kijana mwenye mashine ya kutoa nakala karibu na chuo, ambaye kila mara alivinusa kwanza. Mche mzima ulikuwa kuni za wiki moja. Dola za Zimbabwe nilizitafuta kwa ajili ya nauli tu, nikibadilisha dola moja ya Marekani kwa wakati mmoja, na hazikuliona jua la kesho yake. Akiba ilipokaribia kwisha, mama alimpa msafiri wa basi dola 200 nyingine, zikaja kupitia Tunduma na Lusaka.

Tarehe 1 Agosti serikali ilifuta sifuri kumi. Bilioni 100 zikawa dola 10, na pamoja na noti mpya zikarudishwa kwenye matumizi sarafu za zamani ambazo watu walikwisha kuzitupa. Amai aliposikia habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akapiga magoti na kuingiza mkono chini ya kabati. Siku nzima tulipekua nyumba na kuchimbua uani pale watoto walipozoea kuchezea sarafu hizo, tukazisugua matope kwa brashi ya viatu. Moja ilikuwa imetobolewa na kuvalishwa kwenye ekseli ya toroli, nayo konda aliikataa. Zilizobaki zilitulipia nauli ya wiki nzima, mimi na watoto wake wawili, kisha nazo zikafa.

Sifuri zilirudi upesi. Januari 2009 ilitoka noti ya dola trilioni 100, lakini wakati huo Sakubva tulikwisha kuhesabu kwa dola za Marekani, na mwishoni mwa mwezi serikali ikaruhusu rasmi. Rafu zilipojaa tena niliona uchungu ambao sikuutarajia, kwa kuwa miche 17 iliyokuwa chini ya kitanda changu ilishuka thamani kama fedha nyingine yoyote. Shida iliyobaki ilikuwa chenji: sarafu za Marekani hazikuwepo, hivyo duka lilikurudishia peremende au kalamu.

Desemba ya mwaka huo nilimwachia Amai miche kumi, na saba nikasafiri nayo kwa basi hadi Kapiri Mposhi na kwa treni ya TAZARA hadi Dar es Salaam, maana sikuweza kuiacha. Mama aliipokea, akauliza bei yake kwa shilingi, akasema Mbuyuni ningeipata kwa bei ya chini zaidi, akaifungia kabatini.